Barabara ikiganda, shule ifungwe kabla basi halijawashwa

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameuliza katika ukurasa huu wa barua kwa nini shule za nchi za baridi zifungwe theluji inapoanguka, ilhali hospitali, maduka na ofisi zinafunguliwa kama kawaida. Akaongeza kwamba kufunga shule ni kuwadekeza watoto, na kwamba anayetaka elimu haogopi barabara. Nimelisoma swali lake kwa makini, kwa sababu mimi ni dereva wa basi la shule kaskazini mwa Marekani na barabara anayoizungumzia ndiyo kazi yangu. Namjibu kwa heshima, lakini bila kuzunguka: zipo asubuhi ambazo shule inapaswa kufungwa, na uamuzi huo ufanywe mapema, kabla hatujawasha injini. Mara nyingi unachelewa, na unafanywa kwa kuangalia kitu kisichohusika.

Hospitali hufunguliwa, ni kweli. Ila muuguzi anayekwenda zamu ni mtu mzima. Ameshika usukani mwenyewe, anajua tairi zake zikoje, na mambo yakiwa magumu anaweza kuegesha pembeni na kupiga simu kazini. Mtoto wa miaka 7 hana kauli yoyote katika safari yake. Tumemwambia asimame kwenye kona gizani, apande, akae, naye anatii. Na basi letu linaingia barabarani karibu na mapambazuko, saa ambayo kwa kawaida ndiyo yenye baridi kuliko zote na jua bado halijaigusa lami. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii: ni taasisi chache zinazoweza kuyaondoa barabarani maelfu ya magari kwa tangazo moja. Shule ikifungwa, mabasi yanabaki kwenye yadi, wazazi hawatoki na magari madogo, na malori ya kukwangua theluji yanapata nafasi ya kufanya kazi. Huyo muuguzi naye anafika kwa wagonjwa wake salama zaidi kwa sababu sisi hatupo njiani.

Sasa niizungumzie theluji yenyewe, maana hapa ndipo penye makosa mengi. Watu huuliza, "Imeanguka kiasi gani?" kana kwamba unene ndio hatari. Theluji kavu ya sentimita 15, iliyoshuka usiku wa baridi kali, tairi inaishika. Ukiendesha polepole na kuacha nafasi ya kutosha mbele yako, unafika. Mimi naogopa usiku ambao joto limekaa karibu kabisa na nyuzi sifuri. Barafu ya usiku kama huo ina utando mwembamba wa maji juu yake, na utelezi wake hauna mfano. Naogopa zaidi mvua inayoshuka ikiwa maji, kisha ikaganda papo hapo inapogusa lami, matawi ya miti na nyaya za umeme. Inaweza kuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akichungulia dirishani anaona barabara nyeusi, safi, inayong'aa kidogo, akasema leo hakuna theluji, watoto waende. Kumbe lami yote imefunikwa kioo.

Sisi madereva tunaitambua hali hiyo kwa gari lililo mbele yetu. Barabara ikiwa imelowa tu, tairi zake zinarusha rasharasha za maji nyuma. Rasharasha zikikatika ghafla na barabara bado inang'aa, maji yameganda. Masikio nayo yanasaidia: mvumo wa tairi unafifia, basi linakuwa kimya, na usukani unakuwa mwepesi mikononi. Ukifika hapo, la kufanya ni kuondoa mguu taratibu kwenye mafuta, kushika usukani bila kuupindisha, na kungoja tairi zipate pa kushika. Ukikanyaga breki kwa papara, mkia wa basi unaanza kwenda kando. Kanuni za barabarani za Uingereza zinawaambia madereva kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa barabara kavu. Hebu chukua mteremko, uweke makutano chini yake, na kwenye kona usimamishe watoto wa darasa la kwanza na mabegi yao mgongoni. Dereva ajue nini zaidi ya hapo ili aokoe hali? Ujuzi wangu unaishia pale tairi zinapoacha kushika.

Madaraja nayo yana tabia yake. Barabara ya kawaida imelala juu ya udongo, na udongo hutunza joto kwa muda. Daraja linapigwa na upepo wa baridi juu na chini, kwa hiyo linaganda kabla ya kila kitu. Unaweza kuendesha njia nzima bila shida, ukaingia darajani, na huko ndiko ukakuta barafu. Ndiyo maana namwambia kila anayetoa taarifa kwamba barabara ni nzuri anitajie ni barabara ipi, na kama amepita darajani.

Kuna wanaosema, "Chumvi imeshamwagwa." Chumvi inasaidia sana, kwa kuwa inayafanya maji yasigande kwenye nyuzi sifuri. Lakini baridi ikishuka chini ya kama nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inafanya kazi kwa uvivu mkubwa. Hapo huongezwa kemikali nyingine, au unamwagwa mchanga ili tairi zipate mkwaruzo, na mchanga hauyeyushi chochote. Isitoshe, theluji iliyoyeyuka mchana kwa jua na chumvi hutiririka na kuganda tena jioni. Barabara iliyokuwa salama saa nane mchana inaweza kuwa hatari ifikapo saa kumi na moja jioni, wakati watoto waliobaki kwa michezo wanarudi nyumbani.

Lakini kosa ninalotaka viongozi wa elimu waliache kabisa ni la kuamua kwa kuitazama barabara kuu. Malori ya kukwangua theluji yana mpangilio wake. Huanza na barabara kuu, hufuata zile za kuingia na kutoka mjini, na mitaa ya makazi huja mwisho. Hilo ni sawa, kwa sababu magari ya wagonjwa na ya zimamoto yanahitaji njia kubwa. Ila basi la shule halifanyi kazi yake kwenye barabara kuu. Linafanya kazi kwenye mitaa ile ya mwisho kufikiwa, yenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, yenye kona za ghafla na sehemu za kugeuzia zilizoziba. Kiongozi akiangalia kamera ya barabara kuu na kuona magari yanakwenda, bado hajaona hata kipande kimoja cha njia yangu.

Hata mtaa ukikwanguliwa, kazi haijaisha. Lori likipita huisukuma theluji pembeni, na ile theluji inajenga ukuta juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mahali pa watoto kusimama pamekwisha. Wengine wanapanda juu ya lundo lenyewe, ambalo limeganda na lina mteremko unaoelekea barabarani, upande basi linakotokea. Wengine wanasimama barabarani kabisa. Mimi nikikaribia kituo kama hicho napunguza mwendo mapema mno, nasimama mbali na kona, nawapungia mkono wanifuate mmoja mmoja, na kuna madereva nyuma yangu wanaopiga honi. Namwomba mzazi yeyote anayesoma barua hii, mahali popote penye theluji, achukue sepetu jioni awachimbie watoto wa mtaa wake pa kusimama.

Wapo wazazi ambao, wakiona barabara mbaya na shule haijafungwa, huamua kumpeleka mtoto kwa gari lao wakiamini ndiyo salama zaidi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inasema mwanafunzi ana uwezekano mkubwa kwa mara 70 hivi wa kufika salama akipanda basi la shule kuliko akienda kwa gari dogo. Basi ni zito, viti vyake vimetengenezwa kumkinga mtoto, na rangi yake inaonekana kwa mbali. Ikiwa hata basi hilo halifai kutoka, gari dogo lisijaribu. Na tuwakumbuke wanafunzi wa sekondari wanaoendesha wenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kushika usukani, na wengi wao huo ndio msimu wao wa kwanza wa baridi barabarani.

Nimesema uamuzi unachelewa. Uamuzi mbaya kuliko yote ni ule unaobadilishwa katikati ya siku. Tarehe 12 Januari 1888, katika maeneo ya Dakota, Nebraska na Minnesota, kulipambazuka na hali ya uvuguvugu isiyo ya kawaida kwa mwezi huo. Watoto wakaenda shule na nguo nyepesi. Dhoruba ikaja ghafla wakiwa madarasani, baridi ikashuka kwa kasi, na upepo ukajaza hewa theluji hata mtu asione mbele. Inakadiriwa watu 235 walikufa, wengi wakiwa watoto waliokuwa wakijaribu kurudi nyumbani. Wakati ule onyo halikuwafikia watu wengi kwa wakati. Leo tunazo rada, setilaiti na simu mifukoni, na bado tunarudia kuwatoa watoto nje saa mbovu kuliko zote.

Atlanta, jiji la kusini mwa Marekani, ilishuhudia hayo tarehe 28 Januari 2014. Theluji yenyewe haikufika hata sentimita 8. Lakini shule, ofisi na makampuni yaliwaachia watu karibu wakati mmoja, wote wakaingia barabarani pamoja, magari yakasongamana, theluji ikakanyagwa na kuwa barafu, na malori ya chumvi yakakwama katika foleni hiyohiyo. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, na wengine walikaa ndani ya mabasi hadi usiku. Waliolala shuleni walikuwa na joto, taa, choo na walimu wao. Afadhali hao mara kumi kuliko mtoto aliye ndani ya basi lililokwama mlimani. Kwa hiyo dhoruba ikitukuta watoto wameshafika, tuwaweke ndani mpaka barabara ishughulikiwe, hata kama ni usiku, na wazazi waelezwe hivyo tangu mwanzo wa msimu wa baridi ili asiwepo wa kukimbilia shuleni na gari lake.

Mfano mzuri upo pia, na wa mwaka uleule. Gavana wa Minnesota, Mark Dayton, aliamuru shule zote za umma za jimbo lake zifungwe Jumatatu ya tarehe 6 Januari 2014 kwa ajili ya baridi ya kutisha. Alitangaza Ijumaa. Wazazi walikuwa na siku mbili za kutafuta mtu wa kukaa na watoto, kubadilishana zamu kazini na kununua chakula. Nalipenda tangazo lile kwa sababu hiyo: mzazi alipewa muda.

Muda ndio unaokosekana kwa familia zetu. Niandike kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa wasomaji wengi wa gazeti hili wana ndugu wanaoishi kwenye baridi. Asubuhi moja shule zilichelewesha kuanza kwa muda wa saa mbili. Nilipofika kituo cha watoto wa familia moja iliyotoka Kongo, nikawakuta wameshasimama, na walikuwa pale tangu saa ya kawaida. Ujumbe ulitumwa alfajiri, kwa Kiingereza, kwenye simu ya mama yao aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani. Bibi aliyewavalisha hakuwa na habari. Hawakurudi ndani kwa sababu walikuwa wameonywa kwamba basi halingoji mtu. Kaka mkubwa alikuwa amemvulia mdogo wake skafu na kumzungushia usoni. Kope zake mwenyewe zilikuwa na chembe nyeupe za barafu, na zipu ya koti lake ilikuwa wazi, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi na haviwezi kuivuta. Nikaifunga mimi. Akaniambia, "Mjomba, tulidhani umetusahau." Niliwaweka karibu na kipasha joto na sikuondoa basi mpaka mdogo alipoacha kutetemeka.

Sitaji wilaya wala shule, kwa kuwa jambo hili halikuanza kwao wala haliishii kwao. Lakini tangazo la kufunga au kuchelewesha shule ambalo bibi hawezi kulisoma halijatangazwa. Sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili inaweza kutayarishwa mwezi wa tisa, kabla hata jani halijaanguka, ikakaa ikingoja siku yake. Maneno yake ni yaleyale kila mara: leo shule imefungwa; leo shule inachelewa kuanza kwa muda wa saa mbili. Hakuna gharama ya kuogopesha hapo.

Msomaji huyo anaweza kunijibu kwamba kufunga shule nako kuna madhara, na hapo nakubaliana naye. Nayaona kila msimu wa baridi. Mzazi anayelipwa kwa saa asipokwenda kazini hapati kitu, na akienda anamwacha mtoto wa miaka 9 akimlea wa miaka 4 katika nyumba yenye jiko la kuwaka. Halafu chakula. Mpango wa taifa wa chakula cha mchana shuleni nchini Marekani unalisha karibu watoto milioni 30 kwa siku, na wengi wao wanakipata bure au kwa bei iliyopunguzwa. Wapo watoto kwenye basi langu ambao Jumatatu wanapanda wakiuliza kwanza kifungua kinywa ni nini. Kufunga shule bila kuwafikiria hao ni kumaliza nusu ya kazi. Utabiri ukionyesha wazi kwamba kesho haifai, wanafunzi wapewe mfuko wa chakula siku hiyo wanapotoka. Jikoni chakula kipo tayari, kilikuwa kipikwe kesho yake.

Kuchelewesha kuanza kwa saa mbili nako kusidharauliwe. Saa mbili zinaleta mwanga, zinaleta jua juu ya lami, zinawapa watu wa chumvi nafasi ya kufika mitaani. Asubuhi nyingi zinazoonekana za kufunga ni za kuchelewesha tu. Zile za mvua inayoganda, hapana. Zile ni za kufunga.

Kuhusu masomo kupotea, jambo linalowatia wengi hofu, upo utafiti wa mchumi Joshua Goodman, aliouchapisha mwaka 2014 alipokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, kuhusu shule za jimbo la Massachusetts. Aliona kwamba siku ambazo shule zilifungwa kwa theluji hazikushusha matokeo ya mitihani, lakini siku ambazo wanafunzi mmoja mmoja walikosa huku shule iko wazi zilishusha. Sababu si ngumu kuielewa. Shule ikifungwa, darasa zima linasimama mahali pamoja na mwalimu anaendelea pale alipoachia. Shule ikiwa wazi siku mbaya, nusu wanakuja, nusu hawaji, na mwalimu anatumia siku zinazofuata kuwavuta waliobaki nyuma. Kwa hiyo anayelazimisha shule iwe wazi siku ya barafu kwa kuyapenda masomo anayaumiza masomo yaleyale. Kusomea nyumbani kwa intaneti nako kuna mipaka yake: New York ilijaribu tarehe 13 Februari 2024, na asubuhi hiyo wanafunzi na walimu wengi walishindwa hata kuingia kwenye mfumo.

Ninachoomba kwa wakuu wa elimu ni kwamba mtu anayetumwa saa tisa au saa kumi usiku kwenda kukagua barabara apewe orodha ya mitaa mibaya zaidi, na orodha hiyo iandikwe na madereva. Kila dereva anaujua mteremko wake na daraja lake. Aende pale, ajaribu breki, ashuke atembee kwenye kituo ambapo watoto husimama, ndipo apige simu. Uamuzi uwafikie wazazi jioni iliyotangulia kama utabiri hauna utata, na ukishindikana, kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Dereva akisema mtaa fulani haupitiki, asiulizwe kwa nini mwenzake amepita mtaa mwingine.

Na kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili huku kwenye baridi: wiki hii nendeni ofisi ya shule muulize ni namba gani ya simu wanayo ya kuwapigia. Iwe ya mtu anayelala nyumbani na watoto. Waambieni mnataka taarifa kwa Kiswahili, na mwombe hilo liandikwe kwenye faili la mtoto. Mkubaliane na jirani mmoja ambaye watoto wenu watamgongea mlango shule ikifungwa. Kama bado hamjapewa jibu kuhusu lugha, msirudi nyumbani na ahadi ya mdomo. Ombeni jina la anayehusika na siku ya kurudi kumwona.

Wenu,
Dereva wa basi la shule, Marekani